Kwa nini James wa Pili alishindikana kuenguliwa 1681, akavikwa taji kwa amani 1685, halafu akakimbia 1688?

Ndugu Mdadisi
Wakuu, salamu. Kuna jambo linanikosesha usingizi, naomba wajuzi wa historia ya Waingereza washuke.

Kufikia 1673 kila mtu London alishajua kwamba James, Mtawala wa York na mdogo wake mfalme Charles wa Pili, ameingia Ukatoliki. Mwaka huo ilipita sheria kwamba kila mwenye cheo serikalini apokee komunyo ya Anglikana na aape kukana kwamba mkate na divai hugeuka kuwa mwili na damu. James akaona heri aachie ukuu wa jeshi la majini kuliko kuapa kiapo hicho. Charles hakuwa na mtoto, kwa hiyo mrithi ni huyo huyo. Kati ya 1679 na 1681 mabunge matatu yakahangaika na muswada wa kumwengua kwenye urithi wa kiti, yote yakatoka kapa. Februari 1685 Charles akafa, James akapokelewa vizuri tu, na Bunge likampa mapato ya maisha. Desemba 1688 yuko kwenye boti anakimbilia Ufaransa.

Mtu yule yule, dini ile ile. Kilibadilika nini? Mimi msimamo wangu ni kwamba dini ilikuwa koti tu. Ndani ya koti kulikuwa na fedha na jeshi. Anayepinga aje na hoja.

Mbeba Maji
Nimeshavuta kiti. Tiririkeni.

Kalamu Nyeusi
Mdadisi, kabla hujaenda mbali: Charles alikuwa na watoto, tena zaidi ya kumi aliowatambua mwenyewe. Alichokosa ni mtoto wa ndoa. Malkia wake, Catherine wa Braganza, hakujaliwa. Kimbembe kilianzia hapo, maana mkubwa wa hao wa nje, Mtawala wa Monmouth, alikuwa Mprotestanti, kijana, sura anayo, vitani ameshapigana, na watu wa mitaani wanampenda. Likavuma neno kwamba kuna sanduku jeusi lenye hati za ndoa ya Charles na mama yake kijana, Lucy Walter. Sanduku lenyewe hakuna aliyelitoa hadharani. Charles akatoa tamko la maandishi kwamba hajawahi kuoa mke mwingine zaidi ya Catherine.

Kwa hiyo tusiongee kana kwamba wapinzani wa York walikuwa na kauli moja. Ukiwauliza "akitoka huyu aingie nani?", wapo waliomtaka Monmouth, wapo waliomtaka Mary, binti wa York mwenyewe, aliyeolewa na William wa Orange, kiongozi Mprotestanti kule Uholanzi. Mtu wa kumtoa walikuwa naye, wa kumweka hawakukubaliana.

Mbeba Maji
Kumbe baba anaenguliwa kwa dini halafu binti yake anasimamishwa? Hawa jamaa walikuwa na utani mbaya.

Jaji wa Mtaani
Mdadisi, hilo koti nalikataa. Ungekuwa London vuli ya 1678 usingelitamka.

Alitokea jamaa anaitwa Titus Oates. Cambridge aliondoka bila shahada, akawa kasisi wa manowari akatimuliwa, akajifanya Mkatoliki, vyuo vya Wajesuiti (shirika la mapadri Wakatoliki) vya Valladolid na Saint-Omer navyo vikamtoa. Akarudi na hadithi kwamba Wajesuiti wana njama ya kumuua Charles ili York akalie kiti. Akaenda kula kiapo cha maelezo yake kwa hakimu mmoja, Sir Edmund Berry Godfrey. Oktoba 17 Godfrey akaokotwa mtaroni huko Primrose Hill, amelala kifudifudi, upanga wake mwenyewe umempita mwilini, shingoni ana alama za kunyongwa. Fedha zake mfukoni hazijaguswa. Nani alimuua? Wanahistoria wanagombana hadi leo.

Baada ya hapo mji uliingiwa na wazimu. Madukani viliuzwa visu vyenye jina la Godfrey, na wanawake wa heshima walitembea navyo. Watu zaidi ya 20 walinyongwa au kukatwa vichwa kwa ushahidi wa Oates na wenzake, akiwemo mzee Viscount Stafford, Desemba 1680, na Askofu Mkuu wa Armagh, Oliver Plunkett, Julai 1681. Njama yenyewe haikuwepo. Mtu hashiki kisu kwa ajili ya hesabu za hazina. Walikuwa wanaogopa kweli.

Ndugu Mdadisi
Jaji, kuogopa waliogopa. Nauliza ni nani aliyekuwa anapuliza moto. Lodi Shaftesbury, kinara wa waliotaka York aenguliwe, alikuwa Kansela, akafukuzwa kazi 1673. Miaka mitano baadaye anashangilia kila neno la Oates. Bahati tu?

Jaji wa Mtaani
Alipuliza, sikatai. Ila kuni alizikuta zimekauka. Malkia Mary wa kwanza, Mkatoliki, alichoma moto Waprotestanti karibu 300 kati ya 1555 na 1558. Watoto walikua wakitazama picha za watu hao kwenye vitabu vilivyowekwa makanisani. Mwaka 1605 ikagunduliwa baruti chini ya Bunge. Wakatoliki wa Uingereza hawakufika hata watu wawili katika kila mia, jirani yako Mkatoliki hakutishi. Kinachotisha ni Louis wa Kumi na Nne, mfalme Mkatoliki wa Ufaransa, ng'ambo ya mlango wa bahari na jeshi lake.

Nipo Brighton
Naongezea hapo kwa Jaji. Mimi naishi karibu na mji wa Lewes. Kila Novemba 5 wanafanya maandamano ya mienge ambayo sijaona kwingine. Misalaba 17 inayowaka moto inapita barabarani, mmoja kwa kila Mprotestanti aliyechomwa pale enzi za Mary. Kuna kikundi hadi leo kinapita na bango la kumkataa Papa. Nilienda na mwenzangu wa kazini, Mkatoliki kutoka Poland, akatazama akanunua chipsi tukarudi nyumbani. Ila moshi na kelele zile ukizivuta nyuma hadi 1679, wakati London walikuwa wanachoma sanamu ya Papa kila Novemba 17, siku aliyoingia Malkia Elizabeth, unaelewa mbunge wa wakati ule alikuwa anapiga kura huku anasikia nini dirishani.

Kibanda cha Kahawa
Mimi niko na Mdadisi, lakini nusu. Fuateni fedha. Mwaka 1670 Charles alisaini mkataba wa siri na Louis kule Dover: apewe fedha, naye siku itakayofaa atangaze kwamba ni Mkatoliki. Mawaziri wake wengi hawakuambiwa kipengele hicho. Sasa ruka hadi Machi 1681. Bunge la tatu anaita Oxford, mbali na makundi ya London. Wabunge wengine wanakuja na watu wenye silaha. Charles anawapa njia ya katikati: James awe mfalme wa jina, madaraka yashikwe na Mary na William. Wanakataa. Hawajui kwamba mzee ameshaahidiwa fedha mpya kutoka Ufaransa. Wiki moja tu, akaingia ukumbini na mavazi yake ya kifalme, akavunja Bunge, akapanda gari akaondoka. Miaka minne hakuita jingine, ingawa sheria ilimtaka aite kila baada ya miaka mitatu. Ushuru wa forodha ulikuwa unapanda, ana haja gani nao?

Muswada uliuawa na mfuko wa mfalme.

Mpita Njia 77
Si mfalme ndiye alikataa kuusaini?

Kalamu Nyeusi
Hapana, mkuu. Haukumfikia. Bunge la kwanza alilivunja muswada ukiwa bado kwa Makabwela, yaani wabunge wa kuchaguliwa. La pili, Makabwela wakaupitisha, ukapanda Bunge la Malodi Novemba 15, 1680. Lodi Halifax, aliyeupinga muswada, alisimama akajibizana na Shaftesbury saa na saa, Charles mwenyewe yuko mle ndani ameegemea karibu na moto anasikiliza kila anayesimama. Kura: 63 wakakataa, 30 wakakubali. Jaribu wewe kumpigia kura ndugu wa mfalme huku mfalme anakutazama usoni.

Boda wa Kampala
Ssebo mnanikumbusha kwetu Buganda. Kabaka Mwanga kapinduliwa 1888, akawekwa Kiwewa, Kiwewa naye akatolewa akawekwa Kalema kwa nguvu ya Waislamu, Mwanga akarudishwa na Wakristo, halafu 1892 Wakristo wenyewe kwa wenyewe, Wakatoliki na Waprotestanti, wakapigana Mengo. Kambi moja ikiitwa Wafransa, nyingine Wangereza. Ugomvi wa Waingereza walikuja nao kwenye sanduku.

Mbeba Maji
Boda, hiyo ifungulie uzi wake, nitakuwa wa kwanza kuingia. Hapa tumalize kwanza na huyu James.

Mwana Kisauni
Kidogo tu nami nipite. Huyo Catherine mliyemtaja, mahari yake Wareno walitoa Tangier na Bombay. Wareno hao hao wakati huo wamekaa Fort Jesus hapa Mombasa, na hawakutolewa hadi 1698. Haya, endeleeni.

Shahidi wa Pili
Nimewasoma wote. Mnaeleza kwa nini watu walimchukia York. Hamjamjibu Mdadisi swali lake: kwa nini 1685 walimkubali?

Jibu langu: 1641. Kila mwenye miaka hamsini kwenye Bunge la 1681 alikumbuka jinsi ugomvi wa mfalme na Bunge ulivyoanza na maneno ya Papa na Ufaransa, ukaishia kwenye vita na kichwa cha Charles wa Kwanza mwaka 1649. Shaftesbury alipoanza kuongeza sauti, watu wenye mashamba yao wakasema hii sinema tumeiona. Kati ya mfalme Mkatoliki na vita vya wenyewe kwa wenyewe, wakachagua mfalme. Ndiyo maana baada ya Oxford upepo uligeuka. Njama ya Rye House ya 1683, ya kuwavizia Charles na James njiani, ikamaliza kabisa kundi la Shaftesbury. Yeye mwenyewe alishafia Uholanzi Januari ya mwaka huo.

Na James alianza vizuri. Aliahidi kulilinda Kanisa la Anglikana kama lilivyo. Monmouth aliposhuka Lyme Regis Juni 1685 na watu 82, wakulima na wafumaji wa magharibi walimfuata, wenye mashamba hawakutoka. Julai 6 akapigwa Sedgemoor, Julai 15 akakatwa kichwa, na mnyongaji Jack Ketch alirudia shoka mara kadhaa akamalizia kwa kisu.

Mpita Njia 77
Hilo la kisu ungetuachia.

Kalamu Nyeusi
Shahidi yuko sawa, ila kaacha jambo moja kubwa. James 1685 alikuwa na miaka 51. Warithi wake ni Mary na Anne, mabinti wa mke wa kwanza, wote Waprotestanti. Mke wa pili, Mary wa Modena, Mkatoliki, amemuoa 1673, na watoto wote aliozaa wamefariki. Kwa hiyo hesabu ya watu ilikuwa rahisi: vumilia mzee huyu, atakwenda, ataingia Mary. Walikubali kusubiri. Walichokubali hakikuwa zaidi ya hapo.

Mkunga Mstaafu
Hapo sasa mmefika kwenye fani yangu, wanangu.

Juni 10, 1688, Jumapili asubuhi, Mary wa Modena anajifungua mtoto wa kiume, jumba la St James. Chumba kimejaa watu, maana mtoto wa kifalme huzaliwa mbele ya mashahidi. Lakini tazama nani hayupo. Binti Anne yuko Bath kwa ajili ya maji ya kujitibu. Askofu Mkuu wa Canterbury amefungwa gereza la Tower tangu Juni 8. Wengi waliomo ndani ni watu wa mfalme, na wengi wao Wakatoliki.

Kesho yake mji mzima unasema mtoto si wa kwake. Eti aliingizwa ndani ya chombo cha makaa, kile cha shaba chenye mfuniko na mpini mrefu wanachopitisha chini ya shuka kupasha kitanda joto. Nimezalisha miaka mingi, nawaambia: kichanga cha saa moja ukikibana kwenye bakuli lile kitalia hadi getini wasikie. Wakachapisha mpaka ramani ya jumba, na mstari wa nukta kuonyesha njia aliyopitishwa mtoto, mlango kwa mlango! Oktoba James akaita baraza, mashahidi zaidi ya 40 wakatoa ushahidi, wanawake wakaeleza kwa viapo mambo ambayo mwanamke hapendi yasomwe hadharani. Haikusaidia. Anne mwenyewe alikuwa akimwandikia dada yake barua za kutia shaka, na yeye ndiye aliyekuwa na la kupoteza mtoto yule akiwa wa kweli.

Dada wa Mirathi
Mama Mkunga shikamoo. Hili la mtoto wa kiume nimeliona nyumbani kwetu. Baba mkubwa alibadili dini tangu ujana wake. Alisimamia mashamba ya babu miaka yote, hakuna aliyefungua mdomo. Mwaka aliosema mwanawe wa kiume ndiye atakayeshika baada yake, ndipo shangazi zangu wakakumbuka kwamba "yule si wa dini yetu". Kesi bado iko mahakamani, sitaji zaidi.

Ndugu Mdadisi
Dada umenimalizia kazi. Dini iliamka siku mali ilipotaka kuhama. Koti!

Jaji wa Mtaani
Au ni kwamba waliivumilia walipojua ina mwisho, Mdadisi. Kuvumilia si kutojali. Shangazi zake ungewauliza siku ile ya kwanza wangekwambia hawakupenda.

Kalamu Nyeusi
Tusimalizie kila kitu kwa mtoto. Mnasahau nani walimwokoa York 1681: ni wale wa Kanisa, Tori, waliohubiri kwamba kumpinga mfalme ni dhambi. Basi James akaenda kuwapiga hao hao. Jeshi likafika karibu watu 20,000 baada ya Sedgemoor, na maofisa Wakatoliki wakabaki kazini, na 1686 majaji wakasema mfalme anaweza kumsamehe mtu kile kiapo cha 1673. 1687 akawafukuza walimu wa chuo cha Magdalen, Oxford, kwa kukataa mkuu wa chuo aliyewachagulia. Akatoa tamko la uhuru wa ibada kwa Wakatoliki na Waprotestanti walio nje ya Anglikana, kwa amri yake bila Bunge. Mwaka uliofuata akataka lisomwe makanisani. Maaskofu saba wakaandika ombi la kukataa, akawashtaki. Ndio akina Askofu Mkuu aliyesema Mama Mkunga. Juni 30 baraza la wazee wa mahakama likawaachia huru, na askari wa mfalme mwenyewe, kambini Hounslow, wakapiga vifijo.

Usiku huo huo watu saba wakasaini barua ya kumwita William. Mmoja wao Danby, Tori, waziri mkongwe wa Charles. Mwingine Compton, askofu.

Mpita Njia 77
Subirini. Uhuru wa ibada kwa wote si jambo zuri? Mbona mnamfanya ndiye mbaya?

Shahidi wa Pili
Swali zuri, na wapo wanaomtetea kwa hilo. William Penn, mwanzilishi wa Pennsylvania, alikuwa rafiki yake na aliunga mkono. Shida ni mlango uliotumika. Mfalme anayeweza kusimamisha sheria mbaya kwa kalamu yake, kesho atasimamisha nzuri. Na Oktoba 1685 Louis alikuwa amefuta uhuru wa Waprotestanti wa Ufaransa. Wakimbizi walijaa London, wafuma hariri na mafundi saa, kila mmoja na hadithi ya askari waliopangishwa nyumbani kwake kwa nguvu. James anasema "niaminini", na jirani yako anakuonyesha kovu.

Kibanda cha Kahawa
Wote mnasimulia kana kwamba William alikaa anasubiri barua. Mtu hakusanyi meli zaidi ya 400 kwa barua ya watu saba! Alikuwa anajiandaa tangu masika. Uholanzi ilikuwa inangoja vita na Ufaransa, akataka fedha na manowari za Uingereza ziwe upande wake. Louis akafanya kosa la kupeleka jeshi lake Philippsburg, Ujerumani, mwezi Septemba, mpaka wa Uholanzi ukapumua. William akashuka Torbay Novemba 5 na askari kama 15,000. Huo ni uvamizi. Tofauti ya 1681 na 1688 ni kwamba mara ya pili kulikuwa na jeshi la nje. Mengine ni mapambo.

Jaji wa Mtaani
Na James alikuwa na jeshi kubwa kuliko hilo, Kibanda. Kwa nini hakupigana?

Kibanda cha Kahawa
Kwa sababu Churchill, jenerali wake, alihamia upande wa pili usiku, Anne naye akatoroka London. Mfalme yuko Salisbury damu ya pua haikatiki siku kadhaa. Hiyo nayo ni dini?

Jaji wa Mtaani
Churchill mwenyewe aliandika kwamba ni dhamiri ya dini yake. Unaweza usimwamini.

Kibanda cha Kahawa
Simwamini.

Mbeba Maji
Alikimbiaje huyu bwana? Hapo napataka.

Jaji wa Mtaani
Usiku wa kuamkia Desemba 11 alichoma hati za kuitisha Bunge, akaondoka na muhuri mkuu wa dola, akautupa mtoni Thames. Alidhani bila muhuri serikali haiendi. Wavuvi wakaikuta boti yake pwani ya Kent, karibu na Faversham, inasubiri maji, wakadhani wamekamata Mjesuiti. Wakampekua mpaka ndani ya suruali wakitafuta dhahabu. Mfalme wa nchi tatu! Alipotambulika wakamrudisha London, na watu wakamshangilia barabarani. William hakutaka mfungwa wa aina hiyo. Akapelekwa Rochester, kwenye nyumba ambayo mlango wa nyuma haulindwi. Desemba 23 akaondoka, safari hii hakuna aliyemzuia.

Mkunga Mstaafu
Na mtoto wake alishatangulia Ufaransa na mama yake, usiku wa mvua, amefungwa kwenye nguo kama za dobi. Miezi sita tu.

Ndugu Mdadisi
Kisha wakatunga ile sheria ya 1689 inayosema mfalme hawezi kuwa Mkatoliki na lazima awe wa uzao wa Sophia wa Hanover. Ona sasa, dini wanaiweka kwenye sheria ili madaraka yasitoke.

Kalamu Nyeusi
Umechanganya mbili, mkuu. Ya 1689 ni Sheria ya Haki: Mkatoliki, au aliyeoa Mkatoliki, hawezi kurithi, na mfalme hasimamishi sheria wala haweki jeshi wakati wa amani bila Bunge. Sophia anaingia kwenye sheria ya 1701, baada ya mtoto wa mwisho wa Anne kufariki 1700. Wakaruka ndugu wa damu zaidi ya 50 walio karibu zaidi, kisa Wakatoliki, wakaenda kumtoa bibi Mjerumani. Mtu wa koti haruki watu hamsini, Mdadisi.

Ndugu Mdadisi
Anaruka, kama hao hamsini ni mashemeji wa Louis.

Nipo Brighton
Na bado ipo. 2013 walibadilisha, ikaanza kazi 2015, mrithi anaruhusiwa kuoa Mkatoliki. Kuwa Mkatoliki mwenyewe bado marufuku.

Boda wa Kampala
Huyo bibi Sophia alitawala miaka mingapi?

Shahidi wa Pili
Hata siku moja. Alifariki Mei 28, 1714 kwa kalenda ya Waingereza wa wakati ule, ana miaka 83. Anne akafuata Agosti 1. Kiti akakalia mwanawe, George.

Mbeba Maji
Kasubiri miaka 13 kakosa kwa wiki zisizotimia kumi! Boda, uzi wa Mwanga uko wapi?